Muda wa Kaimu si Muda

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima na taadhima, kwamba Kituo cha Sheria ya Katiba kimetimiza mwaka wa tisa chini ya uongozi wa muda wa Daktari Jamaldin Taib, na kwamba uongozi huo wa muda utaendelea mpaka hapo utakapoanza.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa Kituo, ghorofa ya pili, Ndia Kuu. Aliyelibandika ni Zakiya Athmani, ambaye ndiye aliyeliandika, akalipiga chapa, na gundi akaitoa kwao Kibokoni. Zakiya alikuwa Kaimu Mtafiti Msaidizi. Pale Kituoni hakuna aliyekuwa kitu; kila mtu alikuwa kaimu wa kitu. Bi Wanza wa mapokezi alikuwa Kaimu Karani, na feni la darini lilikuwa na kibandiko cha "la muda" tangu siku lilipoacha kuzunguka.

Kanuni za Kituo zilikuwa za haki tupu. Mfanyakazi akimaliza mwaka bila Mkurugenzi kumkataa kwa maandishi, huhesabiwa amethibitishwa kazini. Daktari, Kaimu Mkurugenzi na mtu wa sheria, hakuwahi kusahau. Mara tatu, kila Novemba, alimkataa Zakiya kwa wino wa kijani, akamwombea na afya njema. Alisema uthibitisho huua bidii. Sasa mwaka wa nne ulikuwa ukingoni, na kanuni hazikuruhusu mtafiti kukaimu zaidi ya hapo. Mwisho wa mwezi Zakiya angekuwa nyumbani akimenya vitunguu, shahada yake ikimtazama kutoka ukutani.

Ndipo ikaja barua ya Baraza la Chuo kinachokimiliki Kituo. Mkurugenzi, iliuliza kwa upole, hupewa vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu. Je, mbona Daktari amekaa miaka tisa?

Daktari akamwita Zakiya, akafunga mlango.

"Binti yangu, nataka waraka. Kichwa chake: Muda wa Kaimu si Muda."

"Na hoja yake, Daktari?"

"Hoja ndiyo hicho kichwa. Wewe tafuta tanbihi."

"Na barua yangu ya kuthibitishwa?"

"Waraka ukipita, nakutilia sahihi papo hapo. Inshallah."

Zakiya alizaliwa Mji wa Kale; alijua iko inshallah ya mtu anayekuja, na iko inshallah ya mtu anayekimbia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kwa wiki tatu aliandika kurasa arobaini na mbili, zenye tanbihi mia moja na kumi na sita. Alithibitisha kwamba anayekaimu yumo kitini lakini hayumo ofisini. Alichokitenda ni kama hakukitenda. Na miaka yake ikipita, haijapita. Kazi ilitoka safi hata ikamtia hofu mwenyewe. Daktari akafuta jina la Zakiya, akaandika lake, akaongeza koma mbili. Baraza likaupokea waraka kwa kauli moja, na Kituoni pakaliwa mahamri kwa mbaazi.

Alasiri hiyohiyo Zakiya akaipeleka barua yake itiwe sahihi.

Daktari akavua miwani kwa huzuni. "Lakini binti yangu, kaimu atamthibitishaje mtu? Hana mamlaka. Umeandika wewe mwenyewe, ukurasa wa thelathini na moja. Hoja nzuri sana." Kisha akachukua kalamu ya wino wa kijani, akamkataa mara ya nne.

Zakiya hakulia mbele yake. Alilia ngazini, kwa hasira na aibu, maana kamba iliyomfunga aliisokota kwa mikono yake. Bi Wanza akamletea maji. "Nyamaza, dadangu," akamwambia. "Watu watadhani umepandishwa cheo."

Nyumbani bibi yake, Bi Nana, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Alikisikiliza kisa chote bila kusimamisha mkono.

"Hebu nambia, huyo mkubwa wenu yu nani khasa?"

"Kaimu, Nana."

"Yuwakimu?" Kwa Bi Nana, kaimu na kukimu ni neno moja, na kukimu ni ule wito wa pili wa msikitini, unaowasimamisha watu safu kwamba swala sasa yaanza. "Yuwakimu miaka tisa? Watu wamesimama safu, miguu yafa ganzi, na swala haiyaanza?"

"Haijaanza, Nana. Hata Baraza limekubali."

"Basi kama haiyaanza, hizo rakaa zake za kukukataa wewe mwazihisabu za nini?"

Zakiya akaenda kuliandikia Baraza ukurasa mmoja, wenye tanbihi moja: waraka wa Daktari Jamaldin Taib, ukurasa wa thelathini na moja.

Baraza lilijibu baada ya siku nane, kasi ambayo haikupata kuonekana. Kwa kuwa vitendo vya kaimu si vitendo, barua zote nne za kukataa hazikuwahi kuandikwa. Na kwa kuwa hakuna aliyemkataa, Bi Zakiya Athmani alikwishathibitishwa tangu mwaka wake wa kwanza. Tena, kwa kuwa Kituo hakijawahi kuwa na Mkurugenzi, na kanuni zinampa kiti kitupu mtafiti aliyethibitishwa, na mtafiti ni mmoja tu, basi akikalie. Baraza lilimshukuru Daktari kwa waraka wake uliotukuka, na kumjulisha kwamba kumbukumbu hazionyeshi kama aliwahi kufanya kazi hapo. Bi Wanza, ambaye kwa hesabu hiyohiyo alijikuta Karani kamili, alipiga kigelegele kilichosikika hadi Marikiti.

Jumatatu Daktari alipanda ngazi, akaombwa ajiandikishe katika kitabu cha wageni. Kwenye shughuli aliandika: kuomba kazi. Ilikuwapo nafasi moja, ya Kaimu Mtafiti Msaidizi, aliyoiacha Zakiya. Kwenye fomu, palipoulizwa uzoefu, alitafakari sana, akaandika: sina.

Zakiya alimwamkia kwa adabu zote, akamwagizia kahawa, akaisoma fomu neno kwa neno. Kalamu ya wino wa kijani ilikuwa bado pale mezani.

"Utanitilia sahihi, Mkurugenzi?"

"Inshallah," akasema Zakiya, akaifunika kalamu.