Unga wa Nondo

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwona Nondo akinyanyua chuma. Mimi kinyozi, yeye dobi, vibanda vyetu vinagusana. Jioni akimaliza kupiga pasi huingia jimu ya uani. Leo chuma kilipinda katikati. Yeye hakupinda. Nilisimama mashine mkononi, mteja wangu kanyolewa nusu kichwa, akauliza kama nimekuja kazini kunyoa au kutazama. Nikamalizia nusu iliyobaki, macho bado uani.

Jumamosi mama mkwe anahamia ghorofa ya tatu. Kabati lake la mbao nzito tunalibeba mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Alipohama safari iliyopita niliangusha kioo cha mama mkwe, na tangu hapo shemeji ananiita Tambi mbele ya ukoo mzima. Sasa hata wanangu wameanza. Jumamosi lazima jina hilo life.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza Nondo siri yake. Eti maharage, mayai, maji ya kutosha, kulala mapema, na baada ya mazoezi mazito kupumzika ili misuli ijijenge. Kasema hayo bila kupepesa macho. Mtu mkubwa vile, na uchoyo nao mkubwa!

Lakini macho ninayo. Chini ya meza yake ya pasi kuna kopo lisilo na karatasi. Ndani, unga mweupe, laini ajabu. Alichota, akakoroga kwenye maji kwa utulivu wa daktari. Mteja akaniita. Nilichokiona kinatosha.

Jumatano, 5 Machi
Nondo kaenda kuanika nguo. Nikachota kikombe kizima. Nitamnyoa bure, tutakuwa tumemalizana.

Nimeukoroga na maziwa. Hauna ladha yoyote: dalili ya kitu cha kitaalamu. Umeshuka kooni taratibu sana. Nikapiga pushapu mpaka mikono ikagoma. Mama watoto kauliza mbona nalia, nikamwambia ni jasho. Kaniletea mayai, nimekataa. Nisije nikachanganya dawa.

Ijumaa, 7 Machi
Tumbo limekuwa gumu! Nimeligonga mbele ya kioo cha kibandani, linatoa sauti. Choo nimekisahau kabisa; mwili hautaki kupoteza hata chembe. Mikono haifiki juu, kwa hiyo nimewaomba wateja wachuchumae. Wawili wameondoka. Watu hawajui kusubiri ukuu.

Jumamosi, 8 Machi
Ghorofa ya kwanza nilipanda vizuri. Ya pili tumbo likakata, nikajikuta nimelala kwenye ngazi, kabati kifuani. Shemeji akaita Tambi, majirani wakafungua milango. Mke wangu akakimbia kumwita Nondo.

Akaja na hanga ya shati mkononi. Akamkabidhi mama mkwe hanga, akaliondoa kabati kifuani mwangu, akalipandisha. Peke yake! Mama mkwe akaikumbatia ile hanga kama tuzo. Shemeji akavua kofia. Nami pale chini machozi yakanitoka, na safari hii si ya maumivu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mgongo ule ukipinda kona.

Aliposhuka nikakiri wizi wangu na kumwomba aniuzie kopo zima. Akanitazama kwa huruma. Akasema ule ni wanga wa kusimamishia kola za mashati. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Jina la Tambi limekufa, kama nilivyoapa. Sasa naitwa Kola.

Jumapili, 9 Machi
Mama watoto kanipa maharage na mayai, na kaniamuru nisinyanyue hata kikombe. Kasema Nondo aliniambia ukweli tangu mwanzo. Nimekula, nimelala, na nimeamka na nguvu kidogo. Bila shaka ni ule wanga, umechelewa tu kufanya kazi.

Jioni nikapita kibandani kwa Nondo kumwomba radhi. Alikuwa ameinamia ndoo, anakoroga kitu kingine. Buluu. Buluu kama mbingu, na shati lililochoka likaingia humo likatoka jeupe kama jipya. Kama inafufua shati, itakuwaje misuli? Na hii wala hakunitajia.

Maziwa nimeshanunua.