Mwanachama Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Muthetheni. Jua kali, mvua hakuna, heshima hakuna. Leo Kilonzo amepita sokoni na fulana mpya, mgongoni jina la Wakfu wa Sanaa za Nyumbani. Kikundi chake cha sarakasi kilisaidiwa mwaka jana: fulana, mikeka ya kurukia, spika kubwa kama friji. Kilonzo! Mtu ambaye shuleni hakuweza hata kuruka kamba! Sasa anaitwa Mwenyekiti. Mimi naitwa "Muema wa kuku", kwa sababu ya mradi wa kuku ambao sitauzungumzia hapa.

Lakini! Nimepata fomu ya wakfu huohuo. Mwaka huu wanatafuta vikundi vya ngoma za asili. Na mimi ni mjukuu wa nani? Wa Susu Syokau, bibi yangu, aliyeongoza kilumi Muthetheni yote. Kilumi ni ngoma ya kina mama wazee, ya kuomba mvua na kutuliza pepo. Kanisani hawakuipenda. Wakfu wataipenda.

Tatizo dogo: fomu inataka wanachama kumi na wawili, na wachezaji wa Susu walishakufa.

Mke wangu Mbithe huweka programu za mazishi kwenye sanduku chini ya kitanda. Kila nyumba hapa inazo. Nimezitoa zote. Picha, jina kamili, tarehe. Nusu ya kazi imekwisha! Nimeandika kina mama kumi na mmoja, Susu akiwa wa kwanza. Safu ya "tarehe ya kujiunga" imenipa taabu. Programu ina tarehe mbili tu. Ningeandika ya kuzaliwa, wangeonekana walianza ngoma kabla ya kuota meno. Nimeandika ile nyingine.

Namba kumi na mbili ni mimi, Mwenyekiti. Tarehe yangu nimeiacha wazi. Mwenyekiti hana haraka. Kisha nimeinakili orodha yote kwenye kauntabuku, rejista rasmi ya kikundi.

Mbithe amesema mradi huu ukiisha kama kuku, anaenda kwa kaka yake huko Kyumbi na harudi. Nimemwambia aanze kuzoea kuitwa Mama Mwenyekiti.

Jumanne, 7 Oktoba

Tracy, afisa wa wakfu, amepiga simu. Sauti ya redio kabisa. Amesema fomu imewafurahisha. Wanataka sasa rekodi fupi: ngoma ipigwe, kila mwanachama atajwe jina, aitike.

Nimefungua nyumba ya Susu. Imefungwa tangu tumzike hapa bomani, miaka kumi na sita. Ngoma yake ndefu ilikuwa palepale, ngozi imepasuka. Zamani haikuguswa kabla ya kumwaga maziwa mlangoni. Maziwa yaliyokuwepo yalikuwa ya chai.

Mbithe amekataa kunishikia simu. Amesema ngoma ile si ya kuchezea, akaenda kwa jirani na hakusema jirani yupi. Basi nimeiegemeza simu kwenye sufuria. Saa nane mchana, jua likiwaka, nimekaa mlangoni kwa Susu. Nikapiga. Nikaita. Syokau. Nzisa. Mumbua. Wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa sauti ya kiongozi. Mwisho nikataja jina langu.

Nilidhani nitaongeza sauti za kuitika baadaye kwa kubana pua. Haikuhitajika! Nimesikiliza rekodi. Baada ya kila jina kuna sauti ndogo inaitika, "Niko." Kila moja tofauti. Moja inakohoa kwanza, kama alivyokohoa Mumbua.

Simu hizi za siku hizi ni kiboko! Jina langu tu halikuitikiwa. Kasoro ndogo. Nimetuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mambo ya ajabu, na mengine ni ya hasara.

Kwanza, boma limefagiliwa. Mbithe alilala kwa mama yake huko Mwala, na mimi sijawahi kushika ufagio, wala sijaanza leo. Hewa yote inanuka ugoro.

Pili, mvua! Robo saa, saa sita mchana, juu ya boma letu peke yake. Imekatika kwenye ua wa minyaa kama iliyokatwa kwa kisu. Upande wa pili Kilonzo amesimama kwenye vumbi lake, mikono kiunoni. "Muema," akaniambia, "hiyo mvua yako imeogopa nini huku kwangu?" Nimemjibu kwamba mvua ina macho, inajua vikundi vyenye usajili. Siku tamu!

Baadaye nimeona nyayo kwenye tope. Miguu mitupu, midogo, mingi. Zimetoka kwenye kaburi la Susu na kwenye njia zote tatu za kuingia bomani, zikaingia nyumbani kwake. Za kutoka hakuna. Kufuli lipo, limefungwa. Nimegonga. Ndani mtu amenyamaza kwa namna ya watu wengi. Nimejikumbusha kwamba nina kazi nyingine na nikaenda kuifanya, mbio.

Tatu, mbuzi wangu hayupo. Yule mweusi mwenye baka jeupe shingoni, niliyemtenga kwa chakula cha mchana siku Tracy atakapokuja kukagua. Nimezunguka hadi sokoni nikimwita. Jioni nimerudi nikaikuta ngoma kizingitini kwa Susu. Ina ngozi mpya, imewambwa vizuri sana. Nyeusi. Ina baka jeupe.

Nimelia kidogo. Alikuwa mbuzi mwenye tabia nzuri. Lakini kusema kweli ngoma ilihitaji ngozi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nimekwenda kwa Shangazi Peris. Ndiye mchezaji wa Susu pekee aliye hai. Nilimsahau kwenye orodha kwa sababu sina programu yake. Nilidhani atanuna.

Alikuwa anatazama mchezo kwenye simu, ugoro kiganjani. Nikamweleza yote. Alizima simu. Sijawahi kumwona akiizima.

Aliniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwana wa kaka yangu, ngoma hiyo haiitangi watu bure. Umeita kwa jina, wamekuja. Sasa wako na kikundi. Na kikundi kikikosa mtu, kinamtafuta." Nikauliza wanamtafuta nani. Aliniangalia muda mrefu sana, kama anayeangalia mtoto aliyebeba jembe kwa upande wa makali.

Dawa ni rahisi, amesema. Nimwage maziwa na unga mlangoni, nipige ngoma mara moja tu, niseme: nendeni nyumbani, majina yenu nimeyarudisha. Kisha orodha niichome, na wakfu niwaambie ukweli. Yote kabla hawajafanya karamu yao ya kwanza. Baada ya karamu hakuna kurudi.

Nimwambie Tracy ukweli! Kilonzo acheke hadi Krismasi!

Nikiondoka alinishika mkono, akasema katika maisha yangu yote sijamfanyia jambo jema kama kumsahau. Wazee wana maneno.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mpango wa leo: Tracy anakuja saa nane kukagua. Mimi nina wanawake kumi na mmoja wa sokoni, nimewaahidi pilau, nimewafundisha majina. Saa tano nikaenda kuwachukua. Wote wamekataa. Mmoja amesema alipita karibu na boma langu jana akasikia njuga, na hata pilau ya harusi haitamrudisha. Nimebembeleza hadi saa nane na nusu. Nikarudi mbio peke yangu, nikitunga msiba wa kumwambia Tracy.

Gari lake nimekutana nalo likitoka. Ameshusha kioo, machozi machoni. Amesema alifika mapema, saa sita, na katika kazi yake yote hajaona ngoma kama ile. Kina mama wamecheza saa mbili bila kutoa jasho! Alikuwa na maswali mawili tu. Kwa nini wakati wa chai walikaa wamegeukia ukuta? Na kwa nini kila mara walimuuliza mimi nakuja lini? Kwenye benchi waliacha nafasi moja. Alipotaka kukaa wakamwambia hiyo ina mwenyewe.

Nimejibu kwamba hiyo ndiyo mila na kwamba kiti cha Mwenyekiti huheshimiwa.

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Kina mama kumi na mmoja mbele ya nyumba ya Susu. Mumbua na mkoba wake wa kahawia. Nzisa na kofia ya harusi ya binti yake. Susu na ile sweta ya kijani, kichwa upande kidogo. Nazijua nguo hizo, nayajua mapozi hayo. Ndizo picha za kwenye programu, ila sasa wote wanaangalia kitu kimoja, kando ya kamera, mahali njia yangu inapoingilia bomani.

Nimeketi kwenye majani.

Tracy amesema tumekubaliwa. Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 18, bomani, na karamu juu. Kama kuna badiliko lolote la wanachama nimwambie kabla ya Ijumaa saa sita. Tumekubaliwa! Nimesimama mara moja.

Jumatano, 15 Oktoba

UHAINI!

Nimefungua kauntabuku niandike hotuba. Ndani kuna kumbukumbu za mkutano. Mkutano ambao sikualikwa! Mwandiko wa Nzisa, herufi kubwa kubwa, nyingine zimegeuka, vilevile alivyojifunza ngumbaru uzeeni. Nani alimchagua katibu? Chini kuna alama kumi na moja za dole gumba, kwa udongo mwekundu. Udongo bado una unyevu.

Ajenda ya kwanza, maombi. Ajenda ya pili, mvua. Ajenda ya tatu: Muema ameondolewa uenyekiti. Sababu, hajawahi kuhudhuria. Mwenyekiti ni Syokau.

Bibi yangu mwenyewe! Niliyemchotea maji kwa punda miaka minne! Aliyenipa uji kwenye kibuyu chake, akaniambia mimi ndiye nitakayeilinda ngoma yake! Hapo nimeumia, sitaficha. Nilimwahidi kwamba haitauzwa wala haitadharauliwa, naye akafa akiamini. Nimekaa mlangoni kwake nikamwambia samahani. Kisha nikamwambia hata hivyo, kwa haki, nipewe cheo chochote. Mweka hazina. Mlezi. Hata mwanachama wa kawaida, ilimradi jina langu libaki.

Ndani ya nyumba njuga zimelia mara moja. Nadhani ombi limepokelewa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya uamuzi. Saa tano, Mbithe, ambaye Shangazi Peris amemweleza dawa, ameweka mlangoni kwa Susu kikombe cha maziwa na bakuli la unga. Ngoma kando. Kiberiti juu ya kauntabuku. Begi lake limefungwa, limesimama kwenye njia. Amenishika mikono yote miwili. "Baba Mwende," amesema, "sema hayo maneno. Utaitwa Muema wa kuku mpaka uzeeke, na mimi nitakaa na wewe. Lakini uzeeke." Alikuwa analia. Mke wangu halii. Siku kuku wote mia moja walikufa alipika wawili.

Kwa hiyo nikachukua kikombe. Kweli kabisa, nilikuwa nimeamua. Nikafungua kauntabuku ili niirarue ile orodha.

Na hapo nikaiona. Namba kumi na mbili. Nafasi ya tarehe haiko wazi tena. Nzisa ameijaza kwa herufi zake kubwa: MUEMA MUTUNGA. MWANACHAMA WA KUDUMU. TAREHE YA KUJIUNGA: 18 OKTOBA 2025.

Wa kudumu! Hata Kilonzo si wa kudumu, kikundi chake hupiga kura kila mwaka!

Mbithe amesoma juu ya bega langu. Ameweka kidole kwenye tarehe za wale wengine, moja baada ya nyingine, akashuka hadi ya kwangu. Nikamwambia naona, tarehe zote zimenyooka, rejista safi. Amenikumbatia kwa nguvu, muda mrefu, akanusa shati langu. Kisha akabeba begi. Wanawake hawapendi kuona mume akipanda ngazi.

Saa sita kasorobo Tracy amepiga. Nimemwambia hakuna badiliko lolote. Maziwa nimeyatia kwenye chai.

Jioni hii nimepiga pasi suti. Nilitafuta ile picha yangu nzuri, yenye tai, niibandike kwenye rejista, nikakuta wameshaichukua ukutani. Wana jicho, hawa kina mama. Uzinduzi ukiisha nina wazo jingine: kuna wakfu wa michezo, na nimeona programu za mazishi za vijana wanaotosha timu nzima ya mpira. Pamoja na wa akiba!

Nimesikiliza tena ile rekodi, kwa ajili ya hotuba. Wote kumi na mmoja wameitika. Na safari hii jina langu pia limeitikiwa. "Niko." Ni sauti yangu. Sikumbuki kuitika, lakini nimeitika vizuri, kwa adabu, bila kukohoa.