Jino la Limi Lisitoke Bila Mimi

Jumatatu, 4 Agosti. Kharumwa.
Mama Limi kapiga simu kutoka Nyahanga. Jino la kwanza la binti yetu linacheza! Limi ana miaka sita. Hatua yake ya kwanza niliikosa, nilikuwa machimboni. Neno lake la kwanza nalo niliambiwa tu. Jino hili sikosi. Nimeagiza lisiguswe hadi nifike Ijumaa. Huku kwetu jiwe la dhahabu halitolewi shimoni mwenye duara hayupo. Mama Limi akauliza duara hilo lilibebwa miezi tisa na nani. Nikasema mtandao unakata.

Jumanne, 5 Agosti.
Balaa! Jirani yetu Pantaleo, fundi cherehani, kajitolea kuling'oa kwa uzi. Watoto wa mtaa mzima kawang'oa yeye, anajidai kama daktari. Nimempa Limi masharti kwa simu: ale uji tu, asicheke, asipite karibu na cherehani. Kaitikia yote. Sauti yake imekua. Simu ilishakatika, mimi bado nimeishika sikioni.

Jumatano, 6 Agosti.
Limi kakataa ugali. Kakataa hata michembe ya viazi vikavu. Mwalimu kauliza kama anaumwa, maana haongei darasani. Mama Limi kanisema sana. Mpango unakwenda vizuri.

Ijumaa, Nanenane. Nyahanga.
Nimefika jioni. Pengo! Jino limetoka jana, ndani ya uji. Uji niliouagiza mimi mwenyewe! Limi kalilalia usiku kucha, kalifunga kwenye leso.
"Sikucheka, baba," akaniambia.
Nikafuta macho, nikasingizia vumbi la barabarani. Nilikuwa nimemkumbuka mno mtoto huyu.
Tukatoka kulitupa juu ya bati, panya achukue bovu alete jipya. Limi akataka nitupe mimi. Mkono wa sururu huo! Likavuka bati letu, likatua kwa Pantaleo. Ana bahati yule mtu.

Jumapili, 10 Agosti. Stendi.
Narudi duarani. Limi kanishika shati.
"Likicheza lingine utakuja?"
Nikasema nitakuja. Kisha nikapiga hesabu. Meno ya utoto ni ishirini, yamebaki kumi na tisa. Safari kumi na tisa za nyumbani! Ila yakichelewa je? Nimemwonyesha la pili, na namna ya kulisukuma kwa ulimi. Nimemwachia mahindi manne ya kuchoma, magumu. Mama yake asijue.