Tuzo za Lugha Nyepesi, Pwani Kusini

Maji yalikatika Quincy akiwa na sabuni mpaka masikioni. Akajifuta kwa kanga ya mwenye nyumba, akavaa shati, akaenda ofisi ya kampuni ya maji pale Ukunda kutafuta mtu wa kugombana naye. Mlangoni palikuwa na tangazo:

"Wateja wetu watukufu, mnataarifiwa kwamba kutajiri usitishwaji wa muda wa mtiririko wa huduma ili kuwezesha utekelezaji wa ukarabati wa miundombinu husika."

Akalisoma tena, polepole.

"Kumbe maji hakuna," akasema.

Meneja, Bwana Swabir, akatoka akitabasamu. "Umelionaje? Nimeliandika mwenyewe."

Quincy alikuja Diani kutoka Bungoma kuwa mshereheshaji wa hoteli, akafukuzwa kwa sababu ambazo hoteli ilizitaja na yeye akazikanusha. Tangu hapo aliishi kwa ulimi. Basi alipomwona mtu anayetamani kusifiwa kiasi kile, hasira ikamtoka, ikaingia biashara.

"Bwana meneja, nimetumwa kwako. Umeteuliwa kupokea Tuzo ya Lugha Nyepesi."

Swabir akashika kizingiti. "Kuna gharama?"

"Hasha! Kuna mchango tu, wa vitabu vya Maktaba ya Watoto, Msambweni."

Maktaba hiyo haikuwepo. Quincy aliijenga kwa mdomo hapo hapo, akaipaka na rangi.

Wiki ile akazunguka. Hoteli moja ikakubali, zahanati ya binafsi ikakubali. Kule Shimoni akampata Mzee Mwinyihaji, mwenyekiti wa wenye mashua za watalii.

"Shikamoo, mzee. Mmeshinda tuzo."

"Marahaba. Tumeshinda kwa lipi?"

"Kibao chenu pale gatini: 'Usiruke.'"

"Hicho tu?"

"Neno moja, mzee wangu! Na hajaruka mtu!"

Mzee akafikiri, akaona ni kweli, akachanga.

Sherehe ikafanyika Jumamosi asubuhi katika bustani ya ile hoteli iliyokubali tuzo. Vikombe vilitoka duka la michezo, na kasanamu ka mchezaji kalikokuwa juu kamekwanguliwa kakabaki mguu. Washindi wakaweka bahasha zao katika mkoba mezani, mbele ya kadamnasi, na Quincy akawashukuru kwa niaba ya watoto wa Msambweni mpaka sauti ikamtetemeka. Nia yake ilikuwa wageni wakianza pilau, yeye na mkoba wapitie mlango wa jikoni, ambako tuktuk ilikuwa inamsubiri.

Bwana Swabir akahutubia. Alipofika "kwa muktadha huo mtambuka", wawili walikuwa wamelala.

Alipoketi, akasimama mwanamke wa makamo aliyevaa buibui na miwani, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Asalaam aleikum. Naitwa Mwanasiti. Natoka Maktaba ya Watoto, Msambweni. Nimekuja kuchukua mchango wetu."

Makofi yakavuma. Watu wote pale waliiamini maktaba ile, na mtu mmoja tu angeweza kuapa kwamba haipo. Mtu huyo ndiye aliyeichangishia.

"Mama," akasema kwa shida, "labda tungeuleta wenyewe..."

"Msisumbuke, mwanangu. Gari ninalo."

"Mpe mama mkoba!" akasema Mzee Mwinyihaji. "Watoto wanangoja."

Quincy akauinua. Mwanasiti akaushika upande wa pili, na kwa muda wakawa wanautazama pamoja kama wazazi wa mtoto mmoja.

"Wewe ni nani hasa?" akanong'ona.

"Mwenzako," akajibu mama, naye kwa kunong'ona. "Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya duka la vikombe. Unaongea sana kwenye simu."

"Basi tugawane."

Mwanasiti akamtazama kwa huruma ya kweli, kisha akageukia kipaza sauti.

"Ndugu zangu, huyu kijana ana moyo! Ananiuliza kama anaweza kuongeza na saa yake."

Bustani nzima ikasimama. Bwana Swabir alikuwa analia. Wapishi wakatoka jikoni kumwona mtu huyo. Quincy akaivua saa, akaitia ndani ya mkoba, na kwa vile maishani mwake hakuwa amewahi kushangiliwa namna ile, akajikuta anainama kushoto na kulia huku gari la mama likitoka getini.