Mnyamwezi Hawezi Kunifelisha

Jumatano, 1 Agosti 1973. Msimbu.
Tangazo limebandikwa ofisi ya ushirika. Mitambo ya maji ya Ruvu inataka karani mmoja. Mmoja tu! Sharti afaulu mtihani wa Kiingereza, maana vitabu vya mashine vyote ni vya Kizungu. Karani anapewa nyumba. Nyumba ina bomba ndani.

Nimemwambia mke wangu, Mwanajuma, akaacha kutwanga. Ana mimba ya miezi saba na kisima kiko mbali, kwenda na kurudi saa nzima, mara mbili kwa siku. Akauliza kama hilo bomba litakuwa letu peke yetu. Peke yetu! Nimemwapia kwamba mtoto wetu ataogeshwa maji ya bomba. Mimi Pazi, mpima korosho, na Kiingereza changu cha darasa la nne. Tatizo ni Hemedi wa duka la kijiji. Naye kajiandikisha. Tena ana kamusi.

Ijumaa, 3 Agosti
Baada ya sala nimeazima kamusi ya Hemedi. Nia yangu asome hewa. Kanipa papo hapo, anatabasamu. Nikasema moyoni huyu kwisha kazi yake. Alasiri napita dukani, namkuta anapima sukari huku anajihoji mwenyewe kwa Kiingereza. Kasema kamusi ile aliimaliza mwaka juzi, nikae nayo tu. Mshenzi!

Mwanajuma, aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, kaifungua akingoja maharage yaive. Kashika maneno kumi na moja. Mimi matatu, na moja nilikuwa nalijua.

Jumatatu, 6 Agosti
Alhamdulillahi! Dereva wa lori la ushirika kaniambia mtahini ni Ndugu Wilfred, Mnyamwezi wa Tabora. Mnyamwezi! Na mimi Mzaramo. Watani tangu mababu! Akinikuta msibani ananitukana, nikimkuta njiani namvua viatu, na hakuna wa kununa. Mtani atamfelishaje mtani wake? Hemedi naye Mzaramo, lakini yule hata kutania hajui.

Kamusi nimeirudisha. Kuanzia leo nafanyia mazoezi matusi. Mwanajuma kauliza utani umeanza lini kujua Kiingereza. Mimba inampa wasiwasi.

Alhamisi, 9 Agosti
Mtihani, Kisarawe mjini. Nimeng'ara!

Nimeingia bila hodi, nikauliza nani kamruhusu mpagazi huyu kuweka mzigo chini na kukalia kiti. Ndugu Wilfred kacheka mpaka miwani ikaanguka. Kajibu kwamba Mzaramo akiamka kabla ya jua, ujue ngoma imekesha. Kanipokonya kofia yangu mpya, kaivaa. Kala mihogo yangu yote ya njiani. Mambo safi!

Kisha kanipa karatasi nisome kwa sauti, habari za pampu. Nikamwambia Wanyamwezi wakiona pampu wanaitwisha kichwani. Akacheka tena, ila kidogo. Akavua miwani, akasema taratibu: "Mtani, nje tutaniane mpaka jua lizame. Humu ndani jibu swali."

Nikaelewa mara moja kwamba na huo ni utani. Fundi huyu! Maswali ya kuandika yalikuwa kumi. Yote nimejibu kwamba mwungwana hahojiwi na mpagazi.

Hemedi katoka jasho linamtiririka. Nilisikiliza dirishani: kaamkia shikamoo kwa Kiswahili, yaliyobaki yote kwa Kiingereza. Kofia yake bado kichwani, mihogo yake haikuguswa. Nimemwonea huruma kweli.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimempa jirani yetu Mwanne mtungi wetu wa maji na ndoo zote mbili. Za nini tena? Mwanajuma kanifuata mpaka mlangoni, kasema tungoje majibu kwanza. Hajui watani.

Jumamosi, 18 Agosti
Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Mwanajuma kaichukua, kasoma kidole kikifuata mstari: Ndugu Pazi, hukufaulu, unaweza kurudia baada ya miezi sita ukijifunza. Akakaa kizingitini. Akafuta macho kwa kanga. Roho imeniuma, Wallahi. Nimemweleza pole pole kwamba huu ni utani, angenifelisha kweli angerudisha kofia. Kasema anaweza kunifundisha, kamusi aliiazima tena kwa Hemedi, ana maneno mia na arobaini sasa. Nimemwambia hatuna muda, kuna mizigo ya kufunga.

Hemedi kaandikiwa kwamba kafaulu. Huyu Mnyamwezi ana vituko! Kabadilisha majina.

Ndani hamna hata tone. Mwanajuma kaenda kwa Mwanne kuazima ndoo, kashika kiuno. Nimemnyang'anya, nikaenda kisimani mwenyewe. Wanawake wamenicheka. Njiani nimemkuta Hemedi anapakia kitanda kwenye lori la ushirika, yuko tayari kwa Ruvu. Nimemwonya asigongelee misumari, sipendi nyumba yenye matundu ukutani. Kaniangalia kwa huzuni, kanipa mkono.

Nimefika na nusu ndoo, nusu nyingine imenimwagikia mgongoni. Mwanajuma kapokea, kauliza na kesho nani atakwenda. Nimemwambia mimi. Na keshokutwa mimi, mpaka mtani achoke kutania.