Taulo la Mstari wa Mbele

Jumatatu, 4 Machi
Mgongo umekaza tena. Daktari Lüders kanibonyeza kiunoni, nikapiga yowe hadi mapokezi wakasikia. Kasema dawa yangu ni Pilates: mazoezi ya taratibu juu ya mkeka, yanayotia nguvu misuli ya tumbo na mgongo. Nianze na darasa la wanaoanza, nisikimbilie makubwa. Nimemweleza kuwa Jumamosi timu yetu ya kuangusha pini kwa tufe inacheza na timu ya mji wa Lemgo, na mrushaji wa mwisho ni mimi, mwaka wa ishirini huu. Akanijibu kwamba mgongo hausomi kalenda. Mjuaji!

Jumanne, 5 Machi
Darasa la kwanza, ukumbi wa chama cha michezo, saa kumi na mbili jioni. Nani kalala mstari wa mbele? Ekkehard! Jirani yangu, mrushaji wa akiba, anayeimezea mate nafasi yangu. Mimi nikasukumwa nyuma kwenye rafu ya mipira. Mwalimu Wiebke akatwambia tuvute pumzi kwa pua, tutoe kwa mdomo, tubane tumbo, tuinue kiuno polepole. Basi! Ekkehard akasifiwa, eti anapumua vizuri. Hata mtoto mchanga anapumua.
Nyumbani nimefunga kamba za viatu bila kuguna. Bahati tu.

Alhamisi, 7 Machi
Ukumbi ulipofunguliwa asubuhi nilitandika taulo langu mstari wa mbele. Taulo likishatandikwa, mahali ni pako. Hata Ekkehard anaheshimu hilo.
Saa kumi na moja jioni nikarudi mapema kulilinda. Kumbe hiyo ni saa ya darasa la wazoefu! Mama mmoja wa miaka sabini hivi akaniuliza kama taulo ni langu. "Basi lala, kijana, tunaanza." Ningeliondoa, nafasi ingekwenda. Nikalala. Kichwa juu, miguu juu, mikono inapigapiga, hesabu hadi mia. Kufika arobaini, kiuno kikalia kak! Yule mama alimaliza mia huku akinisimulia habari za wajukuu.
Saa kumi na mbili Ekkehard akanikuta palepale, akaniomba nimpishe. Nikamwambia taulo ni langu. Ukweli ni kwamba sikuweza kuinuka.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetazama mchezo nikiwa kitini, chupa ya maji ya moto kiunoni. Ekkehard karusha tufe la mwisho. Pini zote tisa! Wenzangu wakambeba juujuu. Nilipiga makofi, lakini iliniuma sana, na si mgongoni tu. Kisha akanijia: "Gernot, mzee wangu, siri ni kupumua." Mke wangu Irmtraud alicheka hadi akamwaga bia.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari kasema nipumzike wiki mbili, kisha nianze upya na wanaoanza, polepole. Nimekubali kila neno. Nimetafakari sana nilikosea wapi, na leo nimepaona: taulo lilikuwa dogo. Nimetoka dukani sasa hivi na jipya. Linafunika mikeka miwili, wangu na wa Ekkehard.