Injini, Sevo Nne na Baba yake Badria

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeamka rubani! Ndege bado sina, lakini hayo ni mambo madogo.

Jana nilikwenda kwa Mzee Uledi, Msimbazi, kuuliza kama naweza kuleta posa ya binti yake Badria. Nilimpa shikamoo tatu. Akaitikia moja. Akauliza kazi yangu. Nikasema mimi ni winga, waulize Kariakoo nzima: mteja anakuja hajui duka, namshika mkono, nampeleka, naweka cha juu changu juu ya bei, kila mtu anaondoka anacheka. Mzee ni fundi wa milango. Akavitazama viganja vyangu weee! Akasema mtu wa kuuza vya wenzake hampi mwanawe. Ila nikitengeneza kitu kimoja kwa mikono yangu, kimoja tu, akakiona kinafanya kazi, nilete posa siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja! Mwingine angegonga stuli. Stuli! Mimi naunda ndege ya rimoti, nairusha Jumapili Jangwani mbele ya macho yake. Nimemtumia Badria ujumbe. Amejibu kwa kale kakatuni kanakocheka mpaka machozi. Machozi ya furaha, bila shaka.

Jumanne, 15 Julai

Mwili wa ndege uko tayari. Nimeuchonga kwa yale mapovu magumu meupe yanayofungiwa friji. Bawa la kushoto limepinda kidogo. Ukisimama pembeni halionekani.

Sasa injini. Severine, tunayekaa naye chumba kimoja, ni fundi simu. Ameshauri mota ndogo ya umeme kama za droni. Nilimcheka. Ndege isiyonguruma ni tiara tu! Nikaleta injini ya petroli ya mashine ya kufyekea majani. Orijino. Nikaifunga mezani kwa waya, nikavuta kamba. Jamani, sauti! Nikarukaruka kama mtoto. Kisha meza ikaanza kutembea. Ikatoka mlangoni, ikashuka uani, ikaingia kwenye kanga za mwenye nyumba, Bi Kijakazi, zilizoanikwa. Kanga mbili hazifai tena hata kudekia. Bi Kijakazi amesema maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Tukaipima baadaye. Injini peke yake ina uzito wa ndege tatu. Nimekubali mota ya umeme. Nimemkumbusha Severine kwamba hilo lilikuwa wazo langu.

Jumatano, 16 Julai

Mota nimepata! Inaenea kiganjani, lakini nilipoiwasha ilipeperusha mapazia, risiti za Severine na chapati moja. Nimeiwasha mara nyingi tu, kwa raha zangu.

Zimebaki sevo. Hivi ni vimota vidogo vyenye mikono, vinavyovuta mabawa na mkia ukibonyeza rimoti. Ndege yangu inataka nne: mabawa mawili, mkia kupanda na kushuka, mkia kukata kona. Nimenunua nne, nimezipanga kitandani, nimezipa majina. Severine akafungua moja. Meno ya plastiki! Anasema yatasagika angani upepo ukikaza, ndege ije kichwa chini. Tunataka zenye meno ya chuma.

Hapa akili ilihitajika, na akili ninayo. Wenye maduka wakijua winga mwenyewe ana shida, watanikamua mpaka kokwa. Kwa hiyo nimemtuma Severine azitafute yeye. Jina langu lisitajwe kwa kiumbe yeyote. Mjini shule!

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya neema! Mbaruku amenipigia. Ni winga mwenzangu, tunasimama kona moja, na tangu aninyang'anye mteja wa mapazia tunasalimiana kwa meno tu. Leo sauti laini. Amepata mteja aliyeshikwa pabaya, sijui mshamba gani anataka kuwatishia wakwe, anatafuta sevo nne za meno ya chuma na hajui zinapouzwa. Eti mimi niliye na mambo ya ndege sinazo?

Za chuma sina. Ila plastiki ni chuma ambacho hakijapakwa rangi. Nimeazima kopo la rangi ya fedha kwa mchora vibao, nikachovya jino moja moja kwa kijiti cha kiberiti. Zimeng'aa! Mbaruku amezichukua bila hata kuzigeuza. Nimeweka cha juu mpaka nikaona aibu. Aibu ikapita.

Nimemwonea huruma kidogo huyo mshamba. Lakini ujinga wa mtu ni ugali wa mwenzie.

Ijumaa, 18 Julai

Severine amerudi na sevo.

Zinang'aa.

Mkono mmoja una alama ya kalamu niliyoiweka mwenyewe Jumatano nilipozipa majina. Nilikaa kitandani nikaitazama. Severine, maskini, anajisifu: alimpata winga mmoja mchangamfu sana, Mbaruku, naye akasema kuna jamaa yake mjanja mjini huwa hakosi kitu. Cha juu cha Mbaruku kimewekwa juu ya cha juu changu, vyote nimelipa mimi.

Sikumwambia Severine. Nimezisifia, nimezifunga kwenye ndege. Tena nikizitazama vizuri, ile rangi imekaa kitaalamu.

Jumapili, 20 Julai

IMERUKA!

Jangwani watu walijaa. Mzee Uledi alikuja na kofia ya Ijumaa, akasimama mikono nyuma. Badria alikuja na chupa za juisi. Mbaruku alikuja kucheka. Severine akaishika ndege juu ya kichwa, nikakaza mota, akaiachia. Ikazama, moyo wangu ukazama nayo, kisha ikainuka! Juu! Ikapita mnazi, ikakata kona! Watoto walikimbia chini yake wakipiga kelele. Mbaruku alifunga mdomo. Na Mzee Uledi, wallahi nimemwona, alitoa mikono nyuma akapiga makofi. Badria alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Ndipo mtu akanigusa bega. Kijana nadhifu, anaitwa Abdulrazak, anafanya kazi ofisi fulani Posta. Akauliza kama inauzwa.

Nilitaka kusema hapana. Naapa. Lakini mdomo ulishataja bei! Akapunguza, nikakataa, akaongeza, nikamwambia mali ikiwa angani bei nayo iko angani. Tukapeana mikono. Sheria yangu haijabadilika miaka yote: mteja akilipa, anakabidhiwa mali palepale, asije akageuka. Akalipa kwa simu. Nikamkabidhi rimoti.

Nilikuwa naukagua muamala nikasikia watu wanaguta. Jino la sevo limeliwa. Bawa limekataa, ndege inashuka kwa ubavu kuelekea kwa Mzee Uledi. Yule Abdulrazak hakutikisika. Akazima mota, akauvuta mkia polepole, akailaza kwenye majani hatua chache kutoka viatu vya Mzee. Shangwe! Hata mimi nilishangilia. Nilisahau kabisa.

Mzee akamfuata aliyeshika rimoti. Akauliza ndege ni ya nani. Abdulrazak akasema ni yangu, mzee. Na kweli ni yake, hakudanganya. Mzee akamshika mkono, akavigeuza viganja, akasema huyu ndiye kijana. Badria akamfungulia juisi. Nilijaribu kueleza. Mzee akaniuliza, kama niliitengeneza mimi, mbona iko kwa mtu mwingine? Mbaruku akaanza kucheka tena.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikiri usiku kucha na nimeligundua kosa. Niliuza rahisi! Kwa kelele zile ningeweza kutaja mara mbili.

Badria hapokei simu. Anapumzika.

Alhamisi, 24 Julai

Abdulrazak alikuja kona yetu kunitafuta. Nilidhani ni habari ya sevo, nikajificha nyuma ya maneti. Kumbe amekuja kwa heri. Anataka kupeleka posa nyumba moja Msimbazi, na kwao wote wako Tanga, hana mshenga. Anahitaji mtu mwenye ulimi, anayeijua nyumba hiyo. Yuko tayari kunishukuru vizuri sana.

Nikauliza binti ni nani. Akasema Badria wa Mzee Uledi.

Iliniuma kweli, siwezi kuficha. Kisha akataja kiasi cha shukrani, nikaona mwanga! Mzee Uledi amenikataa mimi, atamkataa na huyu. Yule mzee hakubali mtu. Abdulrazak ataumia, atarudi zake Posta, mimi nitabaki na shukrani na njia nyeupe. Mjanja ni mimi.

Nimedai nusu kabla.

Jumapili, 27 Julai

Tulikwenda. Nilivaa kanzu nyeupe. Nilipanga kumsifia kidogo tu, kwa ubaridi. Lakini nilipofungua mdomo, mbele ya wazee wote wale wamekaa wananisikiliza! Nilimsifia kazi, nilimsifia ukoo, nilimsifia mkono wake usiotetemeka. Sijawahi kuuza vile maishani. Mzee Uledi alilengwalengwa na machozi. Akasema posa imepokelewa. Ndoa baada ya mwezi!

Badria alinisindikiza mpaka mlangoni. Alitaka kusema kitu, macho yamejaa machozi, akaishia kunishika mkono na kusema ahsante kaka Mwinyimvua. Kaka! Ndani ya jina kama hilo mna mapenzi mengi sana, mwenye akili anayaona.

Nusu iliyobaki nimelipwa. Nikitoka pale nilipitia dukani moja kwa moja, nimenunua mota kubwa zaidi ya ile. Naunda ndege ya pili, na siku ya harusi yao nitaipitisha juu ya maturubai, Mzee Uledi atazame juu ajue amekosa mkwe gani. Hapo atavunja ndoa mwenyewe!

Dukani kulikuwa na bwana mmoja ananisikiliza. Ameniuliza siku hiyo nitaiuza bei gani. Nimemwambia aje mapema.